Kurisiti, QT, VETA au kusubiri kwanza? Kwa aliyeacha shule bila kupenda

Muulize mtu yeyote aliyekatiziwa shule alitaka kuwa nani, atakujibu papo hapo: nesi, mwalimu, fundi umeme, mhasibu. Jibu halihitaji kutafutwa kwa sababu amekuwa akitembea nalo miaka yote. Baba alifariki, mtoto mkubwa akageuka mlezi. Mimba iliingia kidato cha tatu. Matokeo yalikuja na F pale palipotakiwa D. Au ada ya shule za serikali Tanzania ilifutwa mwaka 2016 lakini sare, nauli na chakula cha mchana havikufutwa. Mtu akasema, "Nitarudi." Akaingia kwenye kazi, ndoa, kulea, na miaka ikapita.

Nimefundisha masomo ya jioni kwa watu wa namna hii, na wengi wakija huwa wameshaamua kurudi. Wanachokosa ni kujua waanzie wapi, na mara nyingi mtu wa kwanza waliyemuuliza aliwaambia njia zote ni sawa mradi uwe na nia. Hazifanani hata kidogo. Ipo njia inayomfaa mama wa mtoto mchanga na kumuumiza dereva wa bodaboda, na ipo ile ambayo ni nafuu kwa pesa lakini inakula saa ambazo huna. Nimeona watu wenye nia kubwa wakiacha mara ya pili kwa sababu walipelekwa kwenye njia ya mtu mwingine, na kuacha mara ya pili kunauma kuliko mara ya kwanza.

Anza na saa zako

Kabla ya kulinganisha vyuo na ada, chukua daftari uandike wiki yako ilivyo. Mama lishe anaamka saa kumi alfajiri, anafunga jiko saa tisa mchana, anapitia sokoni, anarudi nyumbani kupika tena. Dereva wa bodaboda ana hesabu ya kumpelekea bosi mwenye pikipiki kila siku, mvua inyeshe au isinyeshe. Dada wa kazi za ndani ana Jumapili mchana tu, na hiyo nayo kwa hisani ya mwenye nyumba. Tafuta saa ambazo hakuna mtu anakudai, kisha zijumlishe.

Kwa ninavyoona, mwenye saa sita kwa wiki anaweza kubeba somo moja vizuri, mawili kwa taabu. Mwenye saa kumi na tano anabeba matatu au manne. Masomo saba kwa pamoja ni ya mtu ambaye nusu ya siku yake ni yake mwenyewe. Najua hesabu hii inawakata wengi maini, maana waliota kufuta matokeo yote ya zamani kwa mkupuo mmoja. Lakini saa ni ngumu kupata kuliko pesa. Pesa mtu anaweza kukuchangia.

Kurisiti somo moja au mawili, au kufanya yote saba upya

Hapa ndipo uamuzi mbaya unapofanyika zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Aliyewahi kufanya mtihani wa kidato cha nne anaweza kujiandikisha tena kama mtahiniwa wa kujitegemea, huko ndiko kurisiti, na hapangiwi umri. Hana haja ya kurudia masomo yote, anachagua anayoyataka. Alama zinakwenda hivi: 75 na kuendelea ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, chini ya 30 ni F. Divisheni hupigwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, ambapo A ina pointi 1 na F ina pointi 5. Divisheni ya kwanza inaishia pointi 17, ya nne inaishia 33, na 34 au 35 ni sifuri.

Watu wengi wameganda kwenye divisheni. "Nilipata four, mwalimu, nataka kuifuta." Mimi huuliza: unataka kwenda wapi? Mfano ninaoupenda ni wa uuguzi, kwa sababu ndiyo ndoto ninayoisikia zaidi kwa wasichana. Sifa ya kuingia chuo cha uuguzi baada ya kidato cha nne ni ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Sasa mchukue binti mwenye D ya Kemia, D ya Biolojia, C ya Kiswahili na F ya Fizikia. Divisheni yake inamtia aibu mtaani, lakini kati yake na sifa ya chuo pamesimama somo moja, na katika somo hilo anadaiwa alama 30. Akijiandikisha masomo saba, atagawanya saa zake sita kwa saba na huenda Fizikia ikamshinda tena. Akijiandikisha Fizikia peke yake, saa zote sita ni za Fizikia.

Ushindani wa nafasi chuoni upo, na D tupu haimhakikishii mtu nafasi. Ila mwenye F hana hata haki ya kuomba.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi. Mtihani wa kidato cha nne unafanyika Novemba, mchana, siku za kazi. Anayerudia masomo saba anahitaji ruhusa iliyotapakaa juu ya karibu wiki tatu. Anayerudia Fizikia anahitaji siku ya nadharia na siku ya vitendo. Kwa mwajiriwa wa dukani hiyo ndiyo tofauti ya kubaki na kazi au kuipoteza. Kwa dereva wa bodaboda, siku mbili za hesabu anaweza kuziwekea akiba kuanzia Agosti. Wiki tatu hawezi, na bosi ataitoa pikipiki kwa mwingine.

Masomo saba yanamfaa nani basi? Yule aliyepata sifuri, au ambaye ufaulu wake ni Kiswahili na Uraia tu, na ana mtu wa kumlisha kwa mwaka mzima. Pia kijana aliyemaliza mwaka jana tu, ambaye bado masomo hayajamtoka kichwani. Anayetaka kidato cha tano ajue kwamba kinachotakiwa ni C tatu katika masomo yasiyo ya dini, na afadhali ziwe za masomo yanayokaa pamoja kwenye tahasusi anayoitaka, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano. Huyo naye si lazima arudie saba. Anarudia yale yaliyopungua.

Ada ya usajili iliyozoeleka miaka ya karibuni imekuwa shilingi 50,000 kwa kidato cha nne, na dirisha kwa kawaida linafunguliwa Januari. Ukichelewa unaongezewa faini. Tangazo la Baraza la Mitihani (NECTA) la mwaka husika ndilo la kulifuata. Ukiwa na somo la sayansi, ulizia maabara ya kituo kabla hujalipa. Usiulize kama ipo, omba uione.

Wengine wanaogopa ile herufi P mbele ya namba ya mtihani, badala ya S ya wanafunzi wa shule. Wanaona kama alama ya kufeli. Mimi naiheshimu herufi ile. Anayeibeba alisoma usiku baada ya kazi, hakuna kengele wala mwalimu wa zamu aliyemsukuma. Chuo kinasoma alama zilizo mbele ya somo.

QT, kurudi sekondari, au Chuo cha Maendeleo ya Wananchi

Kundi la pili ni wale ambao hawakufika kidato cha nne kabisa. Hawa hawana cha kurisiti. Wanaanza na Mtihani wa Maarifa, ule ambao kila mtu anauita QT, na wakishafaulu ndipo wanaruhusiwa kufanya kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Katika vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima masomo yamepangwa kwa hatua mbili: ya kwanza inabeba kidato cha kwanza na cha pili, ya pili inabeba cha tatu na cha nne. Kwa hiyo aliyeishia darasa la saba anaweza kufika kwenye mtihani wa kidato cha nne kwa miaka miwili badala ya minne.

Miaka miwili inavutia, na vituo binafsi vya tuisheni vinaitangaza kwa herufi kubwa ukutani. Nawaomba mnaoanzia darasa la saba msione haya kuchukua mitatu. Aliyekaa miaka kumi bila kushika hesabu na Kiingereza anahitaji miezi ya mwanzo ya kufungua masikio tu. Wanaokimbizwa wanafaulu QT kwa kukariri, kisha wanagota kwenye kidato cha nne.

Upande wa pili kuna Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Viko 54 Tanzania Bara, vilianza miaka ya 1970 kwa wazo lililotoka Sweden, na watu wengi wanavipita barabarani bila kujua kinachofundishwa ndani. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, wasichana na wanawake vijana waliokatiziwa shule wamekuwa wakisoma masomo ya sekondari humo pamoja na ufundi, ujasiriamali na stadi za maisha. Katika vyuo hivyo mtoto wa mwanafunzi anakubalika, kuna mahali pa kumlea wakati mama yuko darasani.

Ukiviweka pamoja, tofauti inaonekana kwenye mtoto. Kituo cha QT kiko mjini, karibu na nyumbani, na unaendelea na kazi yako, ila mtoto ni juu yako. Siku anayougua hujaenda, na watoto wanaugua. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kinaweza kuwa wilaya nyingine, kinakutaka uondoke kwenye biashara na kwenye macho ya familia, lakini mtoto anakuja nawe na unatoka na ujuzi wa mkono hata kama mtihani haukwenda vizuri. Kwa mama wa miaka 19 ambaye hana duka wala mume wa kumngoja, na ambaye nyumbani anageuzwa mfanyakazi wa kila mtu, mimi nachagua chuo bila kusita. Kwa mama wa miaka 30 mwenye kibanda cha chakula kinacholisha watoto watatu, nachagua QT, hata kama itachukua miaka minne.

Na yuko wa tatu, binti wa miaka 16 au 17 aliyejifungua hivi karibuni. Kabla ya 2021 huyu hakuwa na njia ya kurudi shule ya serikali. Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanaokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaweza kurudi katika mfumo rasmi, na wakapewa muda wa hadi miaka miwili kufanya hivyo. Ikiwa kuna bibi au mama wa kushika mtoto asubuhi, shule ya kutwa inashinda QT kwa kila kipimo ninachokijua: haina ada, walimu wapo siku nzima, maabara ipo, wenzake wapo. Tatizo ni maneno. Bibi atasema, "Shule haikimbii, mjukuu wangu, lea kwanza." Anasema kwa upendo, lakini ile miaka miwili inahesabika, na ikipita binti ameshatoka kwenye mlango huu na kuhamia kwenye mingine iliyo migumu zaidi. Wazazi mnaosoma hapa, mpelekeni mapema. Nendeni naye siku ya kwanza, mkae naye ofisini kwa mkuu wa shule.

VETA, na swali la kama umebadili njia au umebadili ndoto

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, imebeba dhana isiyo ya haki kwamba ni ya waliofeli. Kozi ndefu katika vyuo vyake zimekuwa na ada ya shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, na cheti chake kinapanda kwa ngazi, ya kwanza hadi ya tatu. Kwa aliyeota uinjinia wa umeme na akakatiziwa kidato cha pili, VETA ni barabara ile ile iliyoanzia chini zaidi. Atashika nyaya mwaka wa kwanza, ataanza kulipwa kabla wenzake wa advansi hawajamaliza, na kile anacholipwa ndicho kitakachomlipia kurisiti Fizikia na Hisabati baadaye.

Kwa aliyeota uuguzi hali ni nyingine. Shangazi anasema, "Nenda kashone, mwanangu, nesi utakuwa lini?" Ushonaji ni kazi nzuri, na kama unahitaji kipato sasa hivi uchukue kwa mikono miwili. Ila uchukue kwa jina lake, kama kazi ya kukulisha huku ukisoma Biolojia. Usikubali mtu akuambie kwamba cherehani imejibu swali lako. Mimi napima hivi: nikimaliza kozi hii, mlango wa kazi niliyoitaka utakuwa umesogea au utakuwa pale pale?

Wale ambao tayari ni mafundi, waliojifunzia gereji au kwenye karakana ya mjomba, wasianze darasani upya. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini: unapimwa kwa kazi unayoijua, unapewa mafunzo ya kuziba mapengo, unapata cheti. Kwa seremala wa miaka 40 aliyekosa zabuni kwa sababu ya karatasi, sioni njia nyingine inayokaribia hiyo.

Chuo Kikuu Huria

Hiki ni cha wachache zaidi, basi kwa ufupi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1994, na kina vituo mikoani. Kina programu ya msingi (foundation) kwa aliyemaliza kidato cha sita bila pointi za kutosha, au mwenye stashahada isiyofikisha vigezo vya shahada. Akiimaliza kwa wastani wa 3.0 au zaidi, pamoja na alama zinazotakiwa katika masomo ya fani yake, anaweza kuomba shahada. Faida yake kubwa ni kwamba mwalimu wa shule ya msingi wa Kasulu au karani wa Lindi hahami. Gharama yake ni upweke. Aliyeacha mwanzo kwa kukosa mtu wa kusoma naye atafute wenzake wawili kituoni kabla ya kusoma ukurasa wa kwanza.

Kusubiri

Kuna wakati hakuna njia hata moja kati ya hizi inayowezekana mwaka huu. Mama amelala na kiharusi na wewe ndiye unayemgeuza. Mdogo wako yuko kidato cha tatu na mshahara wako ndio nauli yake. Hapo kusubiri ni uamuzi wa heshima, na sipendi wanaomwambia mtu kama huyo kwamba hana nia.

Lakini kusubiri kuko kwa aina mbili. Kuna kusubiri "mambo yakikaa vizuri," na kuna kusubiri mpaka mdogo wangu amalize kidato cha nne Novemba ya mwaka kesho. Aina ya pili ina mwisho unaoonekana. Kimani Maruge wa Kenya, aliyeingia darasa la kwanza karibu na Eldoret Januari 2004 akiwa na miaka 84, aliweza kuingia kwa sababu serikali ilikuwa imefuta ada ya shule ya msingi mwaka uliotangulia. Kizuizi kilipoondoka, alikuwa anajua anachokitaka, akaenda na sare na kaptula. Kwa hiyo kiandike kizuizi chako kwa jina. Kama huwezi kukitaja, huenda kilishaondoka.

Kusubiri kuna gharama pia, na ni vema uijue mapema. Vigezo vya mikopo ya elimu ya juu vilivyotangazwa miaka ya karibuni vimemtaka mwombaji asizidi miaka 35 na awe amepata sifa za kujiunga ndani ya miaka mitano iliyotangulia. Mwenye miaka 24 ana nafasi ya kumlea mgonjwa miaka mitatu na bado akaomba mkopo. Mwenye miaka 31 ambaye hajafanya kidato cha sita ana hesabu nyingine kabisa, na pengine apange stashahada kazini badala ya kutegemea mkopo wa shahada.

Katika muda wa kusubiri, fanya vitu vinavyokaa ndani ya maisha uliyonayo. Kikoba chako kikivunjwa Desemba, fungu la usajili litengwe siku hiyo hiyo, kwa sababu Januari ina sare za watoto na italimeza. Tafuta cheti chako cha kuzaliwa na matokeo ya zamani, uhakikishe majina yanafanana herufi kwa herufi. Jina lililoandikwa tofauti kwenye karatasi mbili linaweza kukuzungusha ofisini miezi. Chagua somo moja, lile gumu zaidi, na uwe unapiga mitihani ya miaka ya nyuma swali moja moja usiku mgonjwa akilala. Mwambie mtu mmoja mnayeheshimiana kwamba unasubiri hadi lini, awe kaka, mwalimu wako wa zamani au jirani, na umpe ruhusa ya kukuuliza.

Ikifika tarehe na kizuizi bado kipo, ongeza muda kwa kuandika tarehe mpya. Kikiwa kimeondoka, nenda kituoni wiki hiyo hiyo, hata kama usajili haujafunguliwa, ukakae darasani nyuma usikilize.